Kikombe Kwanza: Mishumaa ya Meza za Harusi

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunikaribisha. Najua humu ndani wamo wapambaji wa kazi, wamo wanaotengeneza mishumaa nyumbani kwa kupenda tu, na wamo mabibi harusi watarajiwa walioona picha ya mshumaa ukiwaka ndani ya kikombe cha chai cha zamani wakasema, hiki ndicho ninachokitaka mezani kwangu. Nimeombwa nieleze mishumaa hiyo inavyotengenezwa. Nitaeleza, ila nitaanzia mahali ambapo wengi humalizia. Wengi hununua nta kwanza, kisha tambi, kisha manukato, na mwisho kabisa ndipo wanatafuta vikombe vya kumiminia. Mimi nawaomba tugeuze mpangilio huo. Kikombe ndicho kinachoamua nta iwe kiasi gani, utambi uwe mnene vipi, mshumaa uwake saa ngapi na ukae wapi mezani.

Tuanze basi na kikombe cha kuchukua. Seti iliyotimia, yenye vikombe vyote na visahani vyake, iacheni kabatini ifanye kazi iliyotengenezewa. Mimi natafuta vilivyobaki peke yao: kikombe ambacho wenzake wamevunjika, kikombe kilichopoteza kisahani, kisahani ambacho kikombe chake hakijulikani kilikoishia. Meza ya harusi haidai vikombe vinavyofanana. Kinyume chake, uzuri wa mapambo haya uko katika kuchanganya: kimoja kina waridi, kingine mstari mwembamba wa dhahabu mdomoni, cha tatu ni cheupe kitupu lakini umbo lake limechongoka vizuri. Na kama kikombe ni cha marehemu bibi wa bi harusi, tafadhali ulizeni familia kabla ya kukigusa. Kuna watu watalia kwa furaha wakikiona kinawaka mezani, na kuna watu ambao kuona nta ndani ya kikombe cha mama yao kutawaumiza. Hilo halikisiwi.

Ukishakipata, kiosheni, kikaushe, kisha ukichunguze. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo usalama wa shughuli nzima unapoanzia.

Kwanza kishike mbele ya taa na ukizungushe polepole. Kauri nzuri hupitisha mwanga, na kama kuna ufa utauona kama unywele mweusi ukikatiza. Pili, kiweke juu ya kiganja kilichokunjuliwa na ukigonge taratibu mdomoni kwa kucha. Kikombe kizima hulia mlio safi unaodumu. Chenye ufa hutoa sauti butu, fupi, hata kama jicho halijaona kitu. Tatu, kijaze maji, kiweke juu ya karatasi kavu, ukiache usiku kucha. Asubuhi karatasi ikiwa na unyevu, jibu umelipata. Mtaviona pia vikombe ambavyo mng'ao wake wa juu umejaa mistari midogo kama wavu, bila ufa kupita hadi upande wa pili. Mistari hiyo ni ya uzee, na peke yake haivuji, lakini kikombe kama hicho mimi humwekea maua mabichi badala ya moto. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye kikombe cha mshumaa ufa hauzibwi kwa gundi wala kwa nta. Kikombe hicho kinatolewa kwenye orodha, hata kiwe kizuri namna gani. Joto la saa kadhaa litaufungua ufa huo, na nta ya moto itamwagika juu ya kitambaa huku utambi bado unawaka.

Chunguzeni pia mahali mkono wa kikombe ulipoungana na mwili. Vikombe vingi vya zamani viliwahi kukatika mkono na kuunganishwa upya kwa ustadi mkubwa. Gundi za zamani hulegea kwa joto, na mtu akija kukiinua kikombe hicho kikiwa na nta iliyoyeyuka, mkono utabaki kwenye vidole vyake na kikombe kitaangukia meza.

Kuhusu aina ya kauri nitasema machache. Vikombe vya udongo mzito, vyenye kuta nene, hukaa na joto vizuri na havina maringo, ila havipitishi mwanga. Vile vyepesi, vinavyoonyesha kivuli cha kidole ukivishika mbele ya dirisha, mara nyingi ni vya kauri ya mifupa. Ufundi huo uliimarishwa na Josiah Spode huko Stoke, Uingereza, mwishoni mwa karne ya 18: karibu nusu ya udongo wake ni majivu ya mifupa ya ng'ombe, na majivu hayo ndiyo yanayoipa kauri weupe, nguvu na ule mwanga wa ndani. Nawaambia hili kwa sababu linabadilisha mapambo yenyewe. Kikombe cha aina hii kikiwaka, nta iliyoyeyuka huwa angavu kama maji, mwanga wa mwali unapita ndani yake na kutoka ukutani, na maua yaliyochorwa nje yanaonekana kana kwamba yamepakwa rangi leo. Hicho ndicho kikombe cha kuweka mbele ya maharusi. Vile vizito vipelekeni pembeni.

Sasa umbo. Nawasihi mnisikilize hapa hata kama mmechoka, maana hili ndilo linalotofautisha kikombe cha chai na chombo kingine chochote cha mshumaa. Bilauri ya mshumaa ina upana uleule toka juu hadi chini. Kikombe cha chai ni kipana mdomoni na chembamba chini. Chukueni kikombe chenye sentimita 9 mdomoni na sentimita 4 chini. Eneo la juu ni mara tano ya eneo la chini. Maana yake ni kwamba utambi uleule mmoja, ukianza safari, umezungukwa na nta nyingi. Ukifika chini umebaki na moja ya tano ya ile nta, lakini joto lake ni lilelile. Ukichagua utambi mnene unaotosha mdomo, utakuwa na nguvu kupita kiasi huko chini, utawaka kwa mwali mrefu, utatoa masizi na kukipasha kikombe joto kisichostahili. Ukichagua mwembamba unaofaa chini, huku juu utachimba shimo katikati na kuacha nta imeganda pembeni kama ukuta.

Njia ninayoitumia ni kupima upana wa kikombe theluthi moja kutoka juu, na kuchagua utambi kwa kipimo hicho. Watengenezaji wa tambi hutoa jedwali linaloonyesha utambi upi unafaa upana upi na nta ipi. Kwa hiyo usipime mdomo, pima pale. Kwa nini theluthi ya juu? Kwa sababu ya harusi yenyewe. Mshumaa wa kikombe hula takribani gramu 5 za nta kwa saa. Sherehe ya saa tano itakula gramu 25 hivi, yaani ile sehemu ya juu tu. Hiyo ndiyo sehemu wageni wako watakayoiona, na ndiyo inayopaswa kuwaka kwa uzuri. Kikombe chenye mdomo unaozidi sentimita 10 kitieni tambi mbili nyembamba badala ya moja nene. Miali miwili midogo hutawanya joto kwa usawa, tena inapendeza.

Tambi ziwe za pamba iliyosukwa. Kusuka huku hakukufanywa kwa ajili ya urembo. Zamani utambi ulikuwa uzi uliosokotwa tu, na mtu alilazimika kuinuka mara kwa mara kukata ncha iliyoungua. Mwanzoni mwa karne ya 19, huko Ufaransa, ndipo tambi zilipoanza kusukwa. Utambi uliosukwa hujipinda upande, ncha yake ikatoka kwenye kiini cha mwali na kuteketea yenyewe. Jihadharini pia na tambi za zamani zilizookotwa pamoja na vifaa vya zamani, hasa zenye waya ndani. Baadhi zilikuwa na madini ya risasi, na risasi ikiungua huingia hewani. Marekani ilizipiga marufuku mwaka 2003. Kikombe kiwe cha kale, utambi uwe mpya.

Nta nitaipita haraka kidogo. Nta ya nyuki ina harufu yake tamu na huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, ila ni ghali na ikipoa hujivuta. Parafini, itokanayo na mafuta ya petroli, inawaka kwa mwanga mweupe safi, lakini inaposinyaa huacha shimo karibu na utambi, hivyo lazima uongeze nta mara ya pili. Nta ya soya ya kumimina kwenye vyombo huyeyuka kwa joto dogo zaidi, hushikamana na kuta za kikombe, na ukiikosea unaiyeyusha tena. Kwa anayeanza, na kwa vikombe vyembamba vya kale, mimi nachagua soya. Weupe wake wa maziwa unakubaliana na kila ua lililochorwa kwenye kauri, kwa hiyo rangi sitii. Na msiyeyushe kalamu za rangi za watoto ndani ya nta. Chembe zake huziba utambi na mshumaa hufa mapema.

Manukato pia sitii kwenye mishumaa ya meza ya chakula. Mgeni amekuja kula, na mishumaa kumi yenye harufu ya waridi mbele yake itamnyima ladha ya kila kitu. Wekeni yenye harufu mlangoni au kwenye meza ya zawadi.

Kujua nta ya kununua, jaza kikombe maji hadi sentimita moja chini ya mdomo, kisha uyamimine kwenye chombo cha kupimia. Nta iliyoyeyuka ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo mililita 150 za maji ni kama gramu 130 za nta. Vikombe 40 vya namna hiyo vitataka kilo 5.2, na mimi huongeza moja ya kumi kwa ajili ya kusawazisha juu. Vikombe vyenu vitatofautiana, basi pimeni kila kimoja na mwandike namba kwenye kijikaratasi chini yake.

Jikoni, kanuni ni moja na haina mjadala: nta haiyeyushwi moja kwa moja juu ya moto. Chukua sufuria pana yenye maji, weka chombo cha nta ndani yake, na uache maji ndiyo yaipashe. Maji hayapiti nyuzi 100, kwa hiyo nta yako nayo haitapita. Nta iliyoachwa juu ya moto haichemki ikakuonya kama maji yanavyofanya. Inakaa kimya, inapanda joto, inaanza kufuka moshi, na ikizidi inashika moto. Ikitokea hivyo, zima jiko na ufunike chombo kwa mfuniko. Usimwage maji hata tone, kwa maana maji yatageuka mvuke papo hapo na kurusha nta inayowaka hadi darini. Yaambieni hayo watoto na wasaidizi wote kabla hamjawasha jiko.

Wakati nta inayeyuka, andaa vikombe. Viwe vikavu kabisa na vyenye uvuguvugu, kwa sababu kikombe baridi kikipokea nta ya moto huweza kupasuka, na hata kisipopasuka nta itajibandua ukutani na kuacha mabaka. Usivipashe kwenye maikrowevu, hasa vyenye dhahabu, maana madini hayo hutoa cheche. Kibandike kibati cha utambi katikati ya sakafu ya kikombe kwa tone la nta, unyooshe utambi juu, na uushike kwa kibanio cha nguo kilicholazwa mdomoni. Utambi uwe katikati kabisa. Ukielemea upande, mwali utaulamba ukingo mmoja, na dhahabu ya pale itababuka isirudi.

Nta ya soya imimine ikiwa imeshuka hadi kati ya nyuzi 55 na 60, au kama mwenye kuitengeneza alivyoandika kwenye mfuko. Mimina taratibu, pembeni, bila kuinua chombo juu sana. Ukimaliza, viache vipoe vyenyewe mahali pasipo upepo, tena vikiwa vimeachana. Usiviingize kwenye jokofu. Siku ya pili angalia uso wa nta. Ikiwa kuna shimo au mawimbi, mimina utando mwembamba wa nta ya moto kidogo zaidi, na uso utatulia. Kisha kata utambi ubaki milimita 5.

Nimeona picha nyingi za mishumaa hii ikiwa imepambwa juu ya nta kwa petali zilizokaushwa na unga wa kumetameta. Nawaomba msifanye hivyo. Nta ikiyeyuka, petali huelea, husogelea mwali na kugeuka utambi wa pili usio na kipimo. Ua la kikombe liko nje, limechorwa na fundi, linatosha.

Kabla hamjatengeneza vikombe vyote, fanyeni jaribio. Vigaweni vikombe vyenu kwa maumbo: vipana vilivyo bapa, virefu vyembamba, vilivyochanua kama tarumbeta. Tengeneza kimoja cha kila kundi na ukiwashe kwa muda uleule ambao sherehe itachukua, ukiwa umekaa hapohapo unakitazama. Dimbwi la nta hupanuka taratibu, kama saa moja kwa kila sentimita 2.5 za upana, kwa hiyo kikombe cha sentimita 9 kitahitaji saa tatu na nusu kufika ukingoni. Usikate tamaa ukiona baada ya saa moja dimbwi bado dogo. Tazama mwali: ukiwa mrefu, unayumba na kuacha weusi mdomoni, shuka kipimo kimoja cha utambi. Ukizama ndani ya nta na kufifia, panda kimoja. Gusa kikombe kwa nje. Kinapaswa kuwa na joto, lakini kisiwe cha kukuunguza. Kazi hii inakula muda, na ndiyo maana ninawashauri maharusi waanze miezi miwili kabla. Mishumaa ya soya yenyewe ikamilike wiki mbili kabla ya siku, maana nta hii huendelea kukomaa baada ya kuganda na huwaka vizuri zaidi ikishatulia.

Tukifika ukumbini, swali la kwanza ni kwa wenye ukumbi: je, moto wa wazi unaruhusiwa? Kumbi nyingine hukataa, na ni bora kulijua hilo kabla ya kununua nta. Wakikubali, kila kikombe kikae juu ya kisahani, kwa sababu kitako cha kikombe hupata joto na kitambaa cha meza hakipaswi kulipokea. Vikombe viachane walau sentimita 8. Vikibanana, kimoja humpashia mwenzake joto na nta huyeyuka kupita kipimo. Maua, utepe, kadi za majina na shela viwe mbali, sentimita 30 hivi. Kumbukeni kwamba maua marefu huinama kadiri jioni inavyokwenda, kwa hiyo msipime asubuhi mkaridhika. Kama kuna feni juu ya meza, ama izimwe au kikombe kihamishwe, kwa kuwa mwali unaopeperushwa hutoa masizi na kula upande mmoja. Na msiweke kikombe pale ambapo mgeni atanyoosha mkono kuchukua chakula. Mikono ya nguo za harusi ni mipana.

Mteueni mtu mmoja, mwenye jina, asiye na kazi nyingine, wa kuwasha na kuzima. Awashe dakika kumi kabla wageni hawajaingia. Wakati wa kuzima asipulize, maana nta iliyoyeyuka itaruka kwenye kitambaa. Awe na kisahani cha akiba mkononi, akifunike juu ya kikombe na kuhesabu pumzi tatu. Moto ukikosa hewa unakufa, na moshi unabaki chini ya kisahani. Moshi ule mweupe ni nta yenyewe katika umbo la mvuke. Michael Faraday, katika mihadhara yake kwa vijana kule London mwaka 1860, aliwaonyesha kwamba ukiupelekea moshi huo njiti inayowaka, moto unarukia nyuma hadi kwenye utambi. Kinachowaka kwenye mshumaa ni mvuke, na utambi ni njia yake tu. Baada ya hapo kikombe kisiguswe mpaka nta igande. Kukibeba kikiwa na dimbwi la moto ni kuomba ajali.

Kama maharusi wanataka kuwagawia wageni vikombe hivyo, fungeni kijikaratasi kwenye mkono wa kila kimoja. Kiseme utambi ukatwe hadi milimita 5 kabla ya kuwashwa, mshumaa usiachwe peke yake, na uzimwe nta ikibaki sentimita moja na nusu, kwa sababu ya ule wembamba wa chini niliowaeleza. Nta iliyobaki hutoka kwa kukikalisha kikombe ndani ya maji ya moto hadi pembe za nta zilegee, kisha unaichomoa nzima na kufuta mabaki kwa karatasi. Usikwangue kwa kisu, utaondoka na dhahabu, wala usiimwage kwenye sinki, itaganda ndani ya bomba. Kijikaratasi kiseme pia kwamba kikombe hiki sasa ni cha maua, cha pini au cha mshumaa mwingine, lakini si cha kunywea. Rangi na mng'ao wa vikombe vingi vya zamani vilikuwa na risasi, na kwa macho huwezi kutambua kipi kinayo na kipi hakina.

Vikombe vyangu viko hapa mbele, vizima na vyenye ufa vimechanganywa makusudi. Njooni mvigonge, mvishike mbele ya taa, na mnitengee vile ambavyo nyinyi mngevitia nta. Maswali tutayajibu tukiwa tunaendelea.